Draiva ya MCP23017: keneli inaganda kipima mvua kikipinduka

zabibu_hombolo:
Habari wakuu. Naandika draiva ya chipu ya MCP23017 (ya kuongeza pini, huongea kwa I2C, yaani basi la data la nyaya mbili) kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, keneli (kiini cha Linux) 6.6, ya kuhesabu mipinduko ya kibakuli cha kipima mvua katika shamba la zabibu Hombolo. Swichi ya sumaku iko pini GPA0 ya chipu, na INTA (pini ya chipu ya kutoa katizo, yaani ishara ya kuikatiza Pi) imeunganishwa pini GPIO 17 ya Pi. Chipu iko kwenye nguzo, mita 12 kutoka kwenye Pi, kwa kebo ya mtandao.

Kibakuli kikipinduka, logi inatoa hii na mashine inaganda:

`BUG: scheduling while atomic: swapper/0/0/0x00010002`

Nimesajili katizo hivi:

`request_irq(client->irq, mvua_irq, IRQF_TRIGGER_FALLING, "mvua", d);`

Ndani ya `mvua_irq` nasoma rejista (kisanduku cha kumbukumbu ndani ya chipu) 0x10 kwa `i2c_smbus_read_byte_data`. Jingine: nikiondoa draiva kwa `rmmod` kisha kuirudisha kwa `insmod`, mara nyingine katizo haliji tena kabisa mpaka nizime umeme.

msimbo_ipagala:
Mkuu, kosa liko kwenye kusoma I2C ndani ya katizo. Kwa kHz 100, kusoma rejista moja kunachukua kama milisekunde 0.4, na muda huo wote draiva ya basi inalala ikisubiri. Kwenye katizo hakuna kulala, kwa sababu hakuna mchakato wa kuurudia baadaye. Ile 0x00010002 ndiyo inayokuambia: tarakimu ya 1 pale kati maana yake upo ndani ya katizo la maunzi.

Mpe mshughulikiaji wa katizo uzi wake (thread), unaoruhusiwa kulala:

`ret = devm_request_threaded_irq(dev, client->irq, NULL, mvua_uzi, IRQF_ONESHOT, "mvua", d);`

Usiisahau `IRQF_ONESHOT`. Ukiweka NULL bila hiyo, keneli inakataa usajili na kukurudishia -EINVAL. Ipo kwa sababu: mstari wa katizo unabaki umefungwa mpaka uzi wako umalize kusoma chipu.

Kompaili keneli ya majaribio ikiwa na `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP`. Inakamata kosa hili mapema na kutaja mstari wenyewe, kabla mashine haijaganda.

waya_na_solda:
Naongezea kuhusu katizo kupotea baada ya `insmod`. INTA ya MCP23017 ikishuka inabaki chini mpaka mtu asome rejista ya INTCAP (0x10, hali ya pini wakati wa katizo) au ya GPIO (0x12, hali ya pini sasa). Kibakuli kikipinduka wakati draiva haipo, mstari unashuka bila msomaji. Draiva ikirudi inasubiri ukingo wa kushuka (ule mshuko wenyewe), na mstari umeshashuka zamani. Utasubiri mpaka kesho.

Dawa ni tatu, fanya zote. Kwenye devisi-tri (faili linaloieleza keneli maunzi yaliyopo) weka `interrupts = <17 8>;`, yaani kiwango cha chini badala ya ukingo (ukingo wa kushuka ni 2). Kisha kwenye `probe` (draiva inapoanza) soma 0x10 mara moja kabla ya kusajili katizo. Kwenye `remove` (draiva inapoondolewa) andika 0 kwenye GPINTENA (0x04), kuzima makatizo ya chipu.

Ila kiwango kina hatari yake: usomaji ukifeli, mstari haupandi na uzi unaitwa bila kikomo. Kwa hiyo usomaji ukifeli rudisha `IRQ_NONE`. Keneli ikiona makatizo 99,900 kati ya 100,000 hayana mwenyewe, inaufunga mstari na kuandika "nobody cared".

zabibu_hombolo:
Shukrani sana wakuu, kuganda kumeisha. Sasa usomaji unarudisha -121 mara kwa mara, hasa upepo ukivuma.

waya_na_solda:
-121 ni EREMOTEIO: chipu haikujibu anwani yake. Kebo ya mtandao ina takriban pF 50 (pikofaradi, kipimo cha chaji ambayo kebo hushika) kwa mita, kwa hiyo mita 12 ni pF 600, na I2C imewekewa kikomo cha pF 400. Ungeweza kushusha kasi kwa `dtparam=i2c_arm_baudrate=10000`, lakini huko ni kuficha ugonjwa. Rudisha chipu sm 10 kutoka kwenye Pi, upeleke nguzoni nyaya mbili tu za swichi. Kama upepo bado unaleta shida, kagua viungo vya nyaya pale nguzoni. Chipu ilishe 3.3 V, maana pini za Pi hazivumilii 5 V.

msimbo_ipagala:
Swichi ya sumaku pia hudunda (hufunga na kufunguka mara kadhaa kwa mpinduko mmoja), na MCP23017 hukatiza kwa kila badiliko, kushuka na kupanda. Hesabu pale tu biti ya 0 ya INTCAP ni 0, na puuza tukio lililokuja chini ya milisekunde 100 baada ya lililotangulia (`ktime_ms_delta`). Hupotezi kitu: kwa mpinduko wa mm 0.2, mvua kubwa ya mm 100 kwa saa ni mpinduko mmoja kila sekunde 7.2.

Kama unataka takwimu tu, keneli tayari ina draiva ya chipu hii: `dtoverlay=mcp23017,addr=0x20,gpiopin=17`, halafu usome matukio kwa `gpiomon`. Kama unajifunza, endelea na yako.

Usisubiri mvua za Desemba kujaribu. Kipima mvua chenye mdomo wa kipenyo cha sm 20 hupinduka kwa kila ml 6.28. Mimina ml 314 polepole, kwa chupa iliyotobolewa kwa sindano. Draiva isome 50. Ikizidi sana, swichi bado inadunda. Ikipungua, linganisha na hesabu ya makatizo kwenye `/proc/interrupts` uone kama katizo halifiki au ni msimbo wako unaolitupa.