Mlimtisha mama yangu kwa barua ya uongo, na alipowajibu kwa adabu hamkuwepo

Wakuu, salamu kwenu. Nilijipa siku kadhaa hasira ipoe kwanza. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivi hivi.

Jumatatu ya wiki iliyopita, usiku, mama yangu alipokea barua pepe yenye kichwa hiki: "Re: Malipo yako yamekwama, hatua ya mwisho". Mama ameshavuka miaka sabini. Barua pepe anaitumia kusalimiana na wajukuu, basi. Alipoona "Re:" akaamini kuna mazungumzo yaliyotangulia ambayo yeye ameyasahau. Alipoona "hatua ya mwisho" akaamini anadaiwa. Hakulala. Asubuhi akakaa chini akawaandikia, na maneno yake ninayo:

"Habari za asubuhi. Samahani nimechelewa kujibu. Sikumbuki kuwa na deni kwenu, lakini kama lipo naomba mnieleze nililipe. Asanteni."

Dakika haikuisha, barua ikarudi: anwani hii haipokei majibu. Akadhani kosa ni lake. Akaandika tena, ikarudi. Akaandika mara ya tatu. Ndipo akanipigia simu: "Mwanangu, hawa watu nimewakosea nini?"

Niliifungua. Hakukuwa na deni wala malipo. Lilikuwa tangazo la punguzo. Kilichoitwa "malipo yaliyokwama" ni bidhaa aliyoitazama kwenye tovuti yao akaondoka bila kununua. Na ile "Re:" haikuwa jibu la chochote. Kuna mtu aliiandika kwa mkono wake ili ionekane ni jibu.

Nasema kuna mtu aliiandika kwa sababu hii ndiyo kazi yangu. Naandika barua za matangazo kwa mwaka wa tisa sasa. Nimekaa kwenye mafunzo ambako "Re:" ya uongo inafundishwa kwa majivuno, mwalimu anaonyesha jinsi idadi ya wanaofungua inavyopanda, ukumbi unapiga makofi. Hakuna hata mmoja anayeuliza yule aliyefungua alijisikiaje baada ya kufungua. Sasa mimi najua. Alikesha.

Mama alitulea kwa maneno machache, na aliyarudia mpaka yakatuingia mifupani. Ukiitwa, itika. Piga hodi, na usiingie kabla hujakaribishwa. Taja jina lako kabla ya shida yako. Ukiambiwa hapana, shukuru uondoke, na usinune. Kosa ulitaje mwenyewe kabla wengine hawajalitaja. Nikiipima ile barua kwa maneno hayo, hakuna hata moja ambalo halikuvunjwa.

Naanza na kuitika, kwa sababu ndiko kunakoniuma zaidi. Nyie mnaotuma barua kama ile, mnamwita mtu kwa jina lake, "Mpendwa fulani", mnamwambia jambo la kumtia hofu, halafu mnatumia anwani iliyotengenezwa makusudi isisikie. Mlangoni mngefanya hivyo? Mgonge, mwenye nyumba atoke, mseme "unadaiwa", kisha mzibe masikio? Utetezi wenu naujua, nimeusikia mara nyingi: orodha ni kubwa, hatuwezi kumjibu kila mtu. Nimesimamia orodha za maelfu ya watu. Wanaojibu ni wachache mno, na siku ambayo barua imetoka huwa nimewamaliza kabla ya mchana. Na hao wachache ndio wanaokwambia kwamba bei imekosewa, kwamba kiungo hakifunguki, kwamba yule unayemwandikia alishafariki. Aliye na mdomo wa kusema na watu laki moja atafute na masikio ya kuwatosha. Akishindwa, apunguze kusema.

Hodi sasa. Mama aliniapia kwamba hakujiunga na orodha yoyote. Tukatafuta, tukapata: miezi iliyopita aliagiza kitu kwao mara moja, na chini kabisa ya fomu kulikuwa na kisanduku kimeshatiwa tiki tayari. Yeye hakukigusa. Kwenu, kutokigusa ndiyo ruhusa. Jambo hili lilishafika mahakamani: Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya kampuni iitwayo Planet49, kwamba kisanduku kilichotiwa tiki kabla si ridhaa. Haikuhitaji majaji. Mtoto wa miaka sita aliyelelewa anajua kwamba ukipiga hodi wenyewe wakanyamaza, hujakaribishwa.

Nikamwambia mama, tulia, nakutoa mimi kwenye hiyo orodha. Nilidhani ni dakika moja. Neno "jiondoe" lilikuwa mwisho wa ukurasa, herufi kama mchanga, rangi ya kijivu juu ya nyeupe. Nikabonyeza, wakataka niingie kwa nywila. Mama hana nywila kwao, hakuwahi kufungua akaunti. Tukaiomba, ikaja. Ukurasa uliofuata ukawa na vitufe viwili: kikubwa cha rangi, "Ndiyo, nibaki nipate ofa", na kidogo, "Hapana, sijali kupoteza pesa zangu". Mama alikuwa kwenye simu ananisikiliza nikisoma. Akasema, "Lakini mimi najali, mwanangu." Yaani ili aondoke ilibidi akubali kujitukana.

Mbinu hizi si bahati mbaya. Mbunifu Harry Brignull alizikusanya mwaka 2010 akazipa jina, mifumo ya giza, na tangu hapo hakuna fundi wa kurasa anayeweza kusema hakujua. Nchini Marekani, tume ya biashara, FTC, iliishtaki Amazon mwaka 2023 kwa namna ilivyowaingiza watu kwenye Prime, uanachama wake wa kulipia, na kuwazungusha walipotaka kutoka. Kwa mujibu wa mashtaka, ndani ya kampuni njia hiyo ya kutokea iliitwa "Iliad", jina la utenzi mrefu wa Kigiriki. Septemba 2025 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kuimaliza kesi. Sheria ya Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018 inasema kuiondoa ridhaa kuwe rahisi kama kuitoa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 inakataza kichwa cha barua chenye kudanganya, inataka anwani halisi ya mtumaji, na inampa siku 10 za kazi kumtoa aliyeomba kutoka. Na mwaka 2024 Google na Yahoo walichoka, wakawaambia wanaotuma kwa wingi: mtu ajiondoe kwa kubonyeza mara moja. Tumefika mahali ambapo kampuni za sanduku la barua ndizo zinatufundisha wafanyabiashara kuondoka tukiambiwa hapana.

Siku nne baadaye mama akapata nyingine: "Tumekumisi". Ilitoka kwenye orodha yao ya pili, ambayo hatukujua kwamba ipo.

Mengine nayapitia haraka maana yananichefua. Ule ushuhuda wa wateja wasiokuwepo. Ile picha ya nukta moja isiyoonekana, iliyofichwa ndani ya barua ili iwapelekee habari kwamba mtu ameifungua na saa ngapi. Mama alikuwa na neno kuhusu watu wanaochungulia madirishani, nisiliandike.

Na ile saa inayohesabu kurudi nyuma, "zimebaki dakika 14", ukifungua upya zimebaki 14. Hapa lazima niseme na langu. Mwaka wangu wa pili kazini niliiweka saa hiyo kwenye ukurasa wa mteja. Nilijua ni uongo. Mauzo yalipanda, nikasifiwa, nikanyamaza. Waliokimbilia kununua usiku ule kwa hofu, niliwadanganya, na nawaomba radhi. Tangu hapo mteja akinitaka niiweke namkatalia. Wawili wamenihama. Ninaokaa nao wanauza taratibu zaidi, lakini barua zao zinafunguliwa na watu waliotaka zifunguliwe, na hakuna bibi wa mtu anayekosa usingizi.

Kwa hiyo msiniambie "ndiyo biashara ilivyo". Biashara ilivyo ni kwamba mtu mwenye jina, mwenye meza, alikaa akaandika "hatua ya mwisho" akijua hakuna hatua. Programu haikulelewa na mtu. Yeye alilelewa.

Nilichofanya: chini ya barua yao kulikuwa na anwani ya posta. Nimewaandikia kwa karatasi. Nimeomba mambo matatu: wamtoe mama kwenye orodha zao zote, wamweleze kwa maandishi kwamba hadaiwi, na wamwombe radhi, barua isainiwe na mtu mwenye jina. Aliyewahi kuwabana watu wa namna hii akafanikiwa, anieleze alipitia wapi.

Leo ni siku ya tisa, kimya. Mama kila nikimpigia ananiuliza kama wale watu wameshajibu, maana anaona si vizuri yeye kuondoka kwao bila kuagana.