Indeksi yangu ya gofu ilishuka hadi 11.8, sasa inasoma 15.2: nianze kurekebisha wapi?

Kulia_Tena
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaoujua mchezo wa gofu kwa undani.

Msimu niliuanza na indeksi ya handikapu (kipimo cha kiwango cha mchezaji, ikiwa ndogo ndiyo bora) ya 14.1. Ikashuka vizuri hadi 11.8. Tangu hapo zimepita raundi 22 na sasa iko 15.2. Raundi sita za mwisho, zote kiwanja kimoja (pa, yaani mikwaju inayotarajiwa, 72; ukadiriaji wa ugumu wa kiwanja 71.4; slopu, kipimo cha jinsi kinavyozidi kuwa kigumu kwa mchezaji wa kawaida, 128), ni 88, 95, 91, 97, 90, 93. Napigia mkono wa kulia. Draiva (fimbo ya mkwaju mrefu wa kuanzia) inapotelea kulia na kwenye grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) natapanya mikwaju. Mashindano ya klabu ni baada ya wiki 6, kwa mfumo wa Stableford (kila shimo linakupa alama kulingana na mikwaju uliyotumia).

Je, kweli kiwango kimeporomoka hivyo? Nibadilishe swingi (namna ya kuzungusha fimbo) sasa hivi au ningoje msimu uishe? Na kama nina jumla ya saa 3 tu za mazoezi kwa wiki, nizigawe vipi?

HesabuYaKadi
Mkuu, kabla hujagusa swingi, ielewe kwanza hiyo namba. Indeksi ni wastani wa tofauti 8 bora kati ya raundi 20 za karibuni. Umeshacheza 22 tangu ulipofika 11.8, maana yake raundi zote zilizokufikisha pale zimetoka kwenye hesabu. Kila mojawapo ilipotoka, indeksi ilipanda hata kama siku hiyo ulicheza kama kawaida yako. Ndiyo maana watu wengi huona namba inaruka ghafla ilhali mchezo wenyewe ulianza kulegea miezi kadhaa nyuma.

Tofauti ya raundi moja hupatikana hivi: jumla ya mikwaju yako kutoa ukadiriaji wa kiwanja, zidisha kwa 113, gawanya kwa slopu. Hiyo 88 yako ni 16.6 × 113 ÷ 128, sawa na 14.7. Hiyo 95 ni 20.8.

Kuna kitu kingine kimejificha humo. Indeksi ikipanda zaidi ya 3.0 juu ya ile ya chini kabisa uliyokuwa nayo ndani ya siku 365, ziada yote hukatwa nusu. Chini yako ni 11.8, kwa hiyo breki inaanza kushika 14.8. Ukiona 15.2, wastani wako halisi wa 8 bora ni 15.6. Na haiwezi kuvuka 16.8 hata uvurunde vipi, maana hapo kuna ukomo wa 5.0. Ubaya wake ni kwamba hata kushuka kutaonekana kwa nusu mwanzoni: wastani ukitoka 15.6 hadi 15.0, kwenye programu ya handikapu utaona 14.9 tu. Usije ukakata tamaa ukidhani mazoezi hayasaidii.

Swali: alama unaingiza shimo kwa shimo au jumla tu?

Kulia_Tena
Jumla tu mkuu.

HesabuYaKadi
Basi huenda sehemu ya tatizo iko kwenye kalamu. Kwa ajili ya handikapu, shimo halihesabiwi zaidi ya pa jumlisha 2 jumlisha mkwaju wa nyongeza unaopewa hapo. Kwako kwenye kiwanja hicho handikapu ni 15.2 × 128 ÷ 113, kutoa 0.6 (kwa kuwa ukadiriaji uko chini ya pa), yaani mikwaju 17 ya nyongeza, inayogawiwa mashimo kwa kufuata ugumu wake. Shimo la pa 4 lenye mkwaju wa nyongeza mwisho wake ni 7. Ukiandika 10, umejiongezea 3. Ile 91 ikiwa ina 10 ya namna hiyo ndani yake, ilipaswa kuingia kama 88: tofauti inatoka 17.3 hadi 14.7. Ukiingiza shimo kwa shimo programu inakata yenyewe, ukiingiza jumla inakuamini ulivyo. Omba kamati ya handikapu ya klabu yako irekebishe zilizokosewa.

Banka_la_Kushoto
Hesabu nzuri, lakini haizuii mpira kwenda porini. Lete kadi zako. Kwa hizo raundi sita nipe vitu vitatu: mikwaju ya adhabu na imetoka fimbo gani, mikwaju ya grini, na ni mara ngapi ulihitaji mitatu kwenye grini moja.

Kulia_Tena
Nimekaa na kadi. Adhabu ni 21 kwa raundi sita, 14 kati ya hizo ni draiva. Grini ni wastani wa 36. Mitatu kwenye grini moja imetokea mara 24, sawa na mara 4 kwa raundi.

Banka_la_Kushoto
Hapo sasa tunaongea. Adhabu 3.5 na mkwaju wa tatu wa grini mara 4: mikwaju 7.5 kila raundi inamwagika, na mingi yake haihusu swingi ya vyuma (fimbo za chuma, fupi kuliko draiva). Ukipunguza nusu tu, 92 inakuwa 88. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili: swingi iache. Wiki 6 hazitoshi kubadili njia ya fimbo na kuizoea hadi ikushike ukiwa na presha. Utaingia mashindanoni ukiwa na nusu ya swingi ya zamani na nusu ya mpya, na hakuna mchanganyiko mbaya kuliko huo.

Grini kwanza. Mitatu kwa kawaida haitokani na kukosea mstari, hutokana na kukosea urefu. Ukiwa mita 12, ni nadra kupotoka mita 2 kushoto au kulia, lakini kuacha mpira mita 2 nyuma au kuupitisha mita 2 ni jambo la kila siku. Na mita 2.4 hata wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour wanaingiza takriban nusu tu. Wewe usijipangie kuziingiza, jipangie usizipate.

Zoezi: mipira 3, anza mita 9, kisha 12, kisha 15. Lengo si shimo, ni duara la mita 1 kulizunguka. Yote mitatu ikikaa ndani ndipo unasogea. Mmoja ukitoka, rudi mita 9. Urefu uongoze kwa ukubwa wa mvuto wa nyuma, usiuongoze kwa nguvu ya kupigia. Wengi huvuta kidogo halafu hukita mpira kwa woga, na siku grini ikiwa na umande au nyasi zimekatwa chini zaidi, kipimo chote kinapotea. Malizia na mita 1.2, ukipitisha fimbo kati ya vijiti viwili vya tii (vya kuinulia mpira) vilivyoachana kidogo kuliko upana wa kichwa chake, mara 20 mfululizo.

Asubuhi ya raundi tenga dakika 10 za kupiga mita 12 kuelekea ukingo wa grini, pasipo shimo. Unatafuta kasi ya siku hiyo tu.

Fundi_wa_Fimbo
Upande wa draiva, tafuta kwanza mpira unagonga wapi. Paka chaki kavu au poda ya miguu usoni mwa fimbo, piga mipira 10, angalia alama. Ukigonga upande wa kisigino cha fimbo (ule ulio karibu na mpini), mpira utapinda kulia hata swingi ikiwa safi, kwa sababu kichwa kinajizungusha kidogo wakati wa kugonga na kuupa mpira mzunguko wa upande wa pili. Watu wanahangaika na mikono mwaka mzima kumbe wanasimama karibu mno.

Halafu tazama mpira unaanzia wapi kabla ya kupinda. Mahali unapoanzia kunaamuliwa zaidi na uso wa fimbo. Kupinda kunatokana na uso na njia kutokuelekea kumoja. Ukianza kushoto kisha ukarudi kulia, fimbo inakata kutoka nje kwenda ndani. Ukianza kulia na kuzidi kwenda kulia, uso umefunguka: angalia mshiko, uone vifundo viwili hadi vitatu vya mkono wa kushoto ukiinamisha macho. Ukianza kulia na kunyooka huko huko, huenda umejipanga vibaya tu.

Mengine ni madogo ila yanauma. Tii iwe juu kiasi kwamba nusu ya mpira inachungulia juu ya kichwa cha draiva, na mpira ukae usawa wa ndani ya kisigino cha mguu wa mbele. Raba za mipini zikiwa zimeng'aa na kukauka zitakufanya ukabe fimbo, na mkono uliokaba haufungi uso. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi. Kama bado zinateleza, badilisha. Mchezaji wa kila wiki aziangalie kila mwaka.

Mzee_wa_Weji
Kijana, mitatu ya grini mingine inaanzia nje ya grini. Ukichipu (mkwaju mfupi wa kuingiza mpira kwenye grini) kutoka mita 20 ukaacha mita 5, lawama unampa nani? Acha kutumia weji ya mchanga (fimbo fupi inayorusha mpira juu sana) kila mahali. Grini ikiwa tambarare na ya kasi ya kawaida, weji ya pichi huruka sehemu 1 na kubingirika 2, chuma 8 huruka 1 na kubingirika kama 4. Chagua fimbo itakayoangusha mpira hatua moja au mbili ndani ya grini, mengine uiachie ardhi. Uzito wote mguu wa mbele na ubaki huko huko. Ukirudi nyuma unachimba udongo au unaupiga mpira tumboni uvuke grini.

Shimo_la_Kumi
Mimi nasema draiva aiache nyumbani kabisa hizo wiki 6. Mbao 3 (fimbo fupi kidogo kuliko draiva) inamtosha.

Banka_la_Kushoto
Siungi mkono moja kwa moja. Mbao 3 kwa mtu anayekata nayo (anayeupinda mpira kulia) huenda kulia vilevile, ila fupi. Achague shimo kwa shimo. Kwa Stableford kwa kawaida utapewa asilimia 95 ya handikapu, kwako 16. Mashimo yenye ugumu namba 1 hadi 16 una mkwaju mmoja wa nyongeza kila moja, kwa hiyo bogi (pa jumlisha 1) inakupa alama 2, bogi mbili (pa jumlisha 2) alama 1. Kulia kukiwa na maji au mpaka wa kiwanja, kwenye shimo la namna hiyo chuma kirefu ni biashara nzuri. Kukiwa wazi, piga draiva.

Ukiipiga, weka tii upande wa kulia wa eneo la kuanzia na uelekee kushoto mwa njia ya nyasi fupi, mpira upate nafasi ya kurudi. Unaruhusiwa kurudi nyuma ya alama za kuanzia hadi urefu wa fimbo mbili, tumia nafasi hiyo kutafuta pa kusimama palipo sawa. Mpira ukiwa na shaka umepotea porini au umevuka mpaka, tangaza mpira wa akiba (wa kutumia kama wa kwanza haupatikani) kwa maneno kabla ya kupiga. Muda wa kutafuta ni dakika 3 tu. Na ukifika kiwango ambacho shimo halikupi alama tena, okota mpira uende.

Saa zako 3: saa moja na nusu grini, dakika 45 chipu, dakika 45 draiva na chaki. Vyuma vitajitunza.

Kulia_Tena
Nimepiga 10 na chaki. Alama 7 ziko kisigino, mpira unaanza katikati kisha unakwenda kulia.

Fundi_wa_Fimbo
Ndiyo hiyo hiyo. Simama mbali zaidi kwa sentimita 2, na uhakikishe uzito hauhamii vidoleni unaposhuka. Hilo ndilo husukuma fimbo nje. Weka boksi tupu la mipira nje ya mpira, ukiacha upenyo wa sentimita chache zaidi ya ncha ya draiva ukiwa umelenga katikati. Piga pole pole mara 15. Ukiligusa boksi, fimbo imetoka nje. Paka chaki tena kila mipira 5, kwa sababu hisia za mikono zitakudanganya.