Naomba ushauri: shingo ya gitaa la umeme, mvule au mbambakofi?

Mafundi wa Lamu, salaam. Urefu wa uzi ni milimita 648, seti ya nyuzi za unene wa 10 hadi 46 (sehemu za elfu za inchi). Nyuzi zote zikikazwa huvuta kilo 45 hivi, kwa hiyo ubao laini utapinda na nyuzi zitainuka juu ya freti (vile vyuma vyembamba vya kukatiza shingo).

Mbambakofi wa milango ni mgumu na ukishakauka hauchezi sana, ila ni mzito. Gitaa litalalia upande wa kichwa. Mvule ni mwepesi zaidi, lakini nyuzinyuzi zake zimepishana, randa inazing'oa. Nafikiria kuupasua mvule vipande vitatu, pete za ukuaji wa mti zisimame wima, cha katikati nikigeuze kichwa chini ili mipindo ipingane, kisha chuma cha kunyooshea ndani. Je, gundi nyeupe itahimili unyevu na joto la huku, au niende na epoksi?

Kiwiliwili ni mwembe wa milimita 45. Sauti hainisumbui: pikapu (kinasa mtikisiko wa nyuzi) na umbali wake na nyuzi huamua zaidi kuliko mti, wabishi mtanisamehe. Kinachonitatiza ni ukavu. Ubao wa milimita 25 ukae kivulini miezi mingapi kabla ya kukata mifereji ya freti?