Datsun 240Z imekatwa miguu ya kiti ikawekewa flati ba, nairudishaje kama ilivyotoka kiwandani?

Z_ya_Mtwara
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kwa wanaozijua hizi gari za zamani. Nina Datsun 240Z, ile yenye injini ya L24 silinda sita, nimeichukua kwa mtu hapa Mtwara, ilikuwa imelala bandani huko Mikindani miaka na upepo wa bahari mnaujua wenyewe. Injini inawaka, body inavumilika, shida ni kiti cha dereva. Aliyekuwa nayo zamani aliweka kiti cha spoti cha gari nyingine, na ili kikae akakata miguu ya kiti iliyochomelewa kwenye flowa toka kiwandani, akalaza flati ba mbili, yaani vyuma bapa, akazichomelea kwa arc juu ya flowa akatoboa matundu yake mwenyewe. Sasa kiti kimekaa upande, hakiendi mbele wala nyuma, goti linagusa usukani, na ukikanyaga breki kwa nguvu unaisikia flowa inabonyea. Kiti orijino ninacho na reli zake, zina kutu ila zinateleza. Upande wa abiria haujaguswa kabisa. Fundi mmoja ananiambia tuongeze vipande juu ya hizo flati ba tufunge kiti orijino yaishe. Roho inasita. Nikate yote nianze upya au kuna njia nyepesi?

mzee_wa_bati
Roho yako iko sahihi, usiongeze chuma juu ya chuma. Ile miguu ya kiwandani ni bati lililokunjwa, lina mdomo mpana pembeni na limeshikwa kwa nukta nyingi za weld, kwa hiyo uzito wa mtu unatawanyika kwenye flowa. Flati ba ni ngumu halafu flowa yenyewe bati la karibu milimita moja tu, sasa kila ukikanyaga breki ile ngumu inaichana laini pembezoni mwa weld. Hiyo kubonyea unayosikia usishangae ukitoa kapeti ukakuta ufa tayari.

Upande wa abiria ndio ramani yako, usiuguse mpaka umalize. Chukua boksi gumu ukate kiolezo cha kila mguu wa kule, andika kabisa wa ndani na wa nje, wa mbele na wa nyuma, halafu kigeuze kwa sababu upande wa dereva ni kinyume chake. Watu wengi wanasahau kugeuza wanakunja bati zima bure. Vipimo vya mahali pa kukaa chukua kutoka kwenye tunelo la gia na kwenye kizingiti cha mlango, usipime kutoka ukingo wa kapeti. Na ukiokota vipimo mtandaoni hakikisha sio vya ile Z ya 2+2 yenye viti vinne, body yake ni ndefu zaidi kwa sentimita 30 hivi.

Kukata flati ba usiwe na haraka. Saga ile weld taratibu kwa grinda mpaka ibaki nyembamba kisha ing'oe kwa patasi, ukizama na diski utakata flowa. Kabla ya yote toa terminal ya betri, toa kapeti na ile lami nyeusi ya kuzuia kelele maana inashika moto vibaya sana, na uingie chini uone bomba la mafuta na la breki zinapita wapi.

kusini_rali
Mi ningeiacha wakuu. Hizi 240Z ndizo zilizochukua Safari Rally 1971 na Herrmann, halafu 1973 na Shekhar Mehta, kiti cha spoti ndani ya Z ni heshima yake. Tafuta kiti kizuri kinachokufaa ufunge.

mzee_wa_bati
@kusini_rali heshima sawa ila za rali zilifungwa na watu wa kiwanda waliojua wanachofanya, hii kafunga fundi maiko. Hata akitaka kiti cha spoti kesho, miguu ikiwa ya asili anatengeneza breketi ya kufunga kwa bolt tu, akichoka anafungua. Kuchomelea kiti moja kwa moja kwenye flowa ndio ugonjwa wenyewe.

DadaLindi_Gereji
Naongezea hapo kwa mzee. Bati tumia geji 16 au 18, nyeusi, usikubali mtu akuletee bati la mabati ya nyumba, ile zinki ikiungua moshi wake unaleta homa na weld inatoka na vitobo. Arc kwenye flowa nyembamba ni kutoboa tu, tafuta mwenye mashine ya MIG, ile ya waya na gesi, kwa hapo Mtwara ulizia wanaopiga body za Coaster na Hiace lazima mmoja anayo. Ila nenda kabla msimu wa korosho haujachanganya, wakati ule kila fundi yuko chini ya roli utamsubiri mpaka uchoke.

Sasa siri iko kwenye kufunga. Usichomelee mguu mmoja mmoja kwa kukadiria. Funga miguu mipya kwenye reli kwa bolt, reli zikiwa kwenye kiti, shusha kiti kizima mahali pake, shika kwa vinukta vidogo, kisha sogeza kiti mpaka mwisho mbele na mwisho nyuma. Reli zisipokuwa sambamba hata kidogo kiti kinagoma katikati. Kikiteleza vizuri ndio toa kiti, toboa matundu ya milimita 8 kwenye midomo ya bati na uyajaze weld, kwa kurukaruka, huku moja kule moja, bati lipumue, la sivyo likipoa linavuta na kazi yote imepinda.

Bolt weka zenye 8.8 kichwani, hiyo ni alama ya uimara wake, zile za dukani zisizo na namba waachie wa vitanda. Na sehemu ya mkanda usiifunge bolt ya milimita kwa nguvu, magari mengi nyuzi za mkanda ni za inchi 7/16, utaharibu nati iliyomo ndani.

Z_ya_Mtwara
Dada asante sana, mzee shikamoo na asante. Nimetoa kapeti jioni hii, ufa upo kweli, umetoka kona ya flati ba ya nyuma unaelekea kwenye tunelo, urefu wa kidole. Hapo nafanyaje, nachomelea juu tu?

mzee_wa_bati
Marahaba. Hapana, kwanza toboa kitundu kidogo pale ufa unapoishia usiendelee, halafu gonga kwa bisibisi pembeni yake pote. Ikiwa chuma kinalia safi chomelea ufa usage. Ikiwa bisibisi inazama basi kutu imekula kutoka chini, kata kipande cha mraba mpaka ukute bati zima, kona uzizungushe, uweke kiraka cha geji ileile ndio miguu ifuate. Na chini upake redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo, hewa ya Mikindani haitakusubiri wiki. Weka picha tuone.

Z_ya_Mtwara
Imezama. Kesho nanunua bati, picha naweka nikishakata.