Tupeane uzoefu: Ikhwani Safaa baada ya Mapinduzi, waliobaki na waliohama

Assalaam aleikum wanajamvi. Nadi Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab, ilianzishwa Unguja mwaka 1905, enzi za masultani. Uhuru wa Desemba 1963 umeikuta, Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yameikuta, na 2005 ikatimiza miaka mia. Baada ya Mapinduzi wengi waliokuwa wakiipenda walitawanyika: Mombasa, Dar, Dubai, Muscat. Chama chenyewe kikaitwa Malindi kwa miaka mingi kabla ya kurudia jina lake. Hayo yameandikwa. Mimi nataka ya majumbani: wazee wenu waliondoka na nini, na waliobaki walifanyaje?

Mchangiaji wa Muscat:
Sisi tulifika Oman baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowafungulia mlango Waomani wa Afrika Mashariki. Babu hakuwa mpigaji, alikuwa mshabiki tu, lakini mshabiki kwelikweli. Kila jamaa akienda Unguja kuzuru aliagizwa kaseti. Zilinakiliwa hata kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, husikii tena, unasikia udi kwa mbali na sauti ya mwimbaji. Harusini kwetu zikipigwa hizo, kina bibi wanainuka na noti mkononi kwenda kutunza. Mwimbaji hayupo! Basi wanamtunza bibi harusi.

Mchangiaji wa Unguja:
Waliobaki nao wasisahauliwe. Wakati ule Culture, kikundi kingine cha taarab, ndiyo iliyokuwa karibu na wakubwa, maana ilitokana na vijana wa ASP, chama kilichotawala baada ya Mapinduzi, tangu 1958. Ami yangu alipiga fidla kwenye chama hicho cha Malindi, na rafiki yake mtunzi alikuwa amehamia Mombasa. Wakiandikiana barua, na ndani ya barua mna beti. Huyu anazitilia sauti yake huku, yule yake kule. Kwa hiyo shairi moja lina nyimbo mbili. Nimezisikia zote, ya Mombasa ina mdundo wa chakacha, ngoma ya kuchezwa, ndani yake, ya ami ni ya kukaa kitini na kusikiliza. Mimi naipenda ya ami, lakini shangazi zangu hawakubali.

Mwanzisha mada:
Ndugu yangu wa Unguja, umenigusa. Barua hizo zipo? Zipige picha wiki hii, usingoje, karatasi za zamani hazilivumilii joto letu. Na wa Muscat, kaseti usizitupe hata zikikwaruza vipi. Vijana wanaosomea taarab Mji Mkongwe wanazihitaji, wazisikilize wajue wapigaji wa zamani walivyopita maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki.

Watu wa Dubai na Mombasa bado hamjasema. Yule mtunzi wa barua, kuna anayemjua?