Naomba ushauri: ibada haina dosari, vibarua hawajalipwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mzee wa kanisa katika mtaa mmoja upande wa Hombolo, ambako kengele hulia kwa wakati, liturujia husomwa bila kuruka neno na kwaya hushonewa sare kila Pasaka. Mshirika mwenzetu mwenye shamba la zabibu, ambaye hakosi ibada wala sadaka ya shukrani, hajawalipa vibarua waliomvunia msimu uliopita, na baadhi yao huketi mabenchi ya nyuma wakimsikiliza akisoma somo la kwanza.

Amosi 5:21-24 inaonyesha Mungu akizikataa sikukuu na nyimbo zisizo na haki, na Yakobo 5:4 inataja waziwazi ujira wa wavunaji uliozuiliwa. (Siupingi utaratibu wenyewe, liturujia imewalea wengi, nami nikiwemo.)

Mathayo 18:15-17 inaelekeza aliyekosewa aanze faraghani, lakini wanaodai ni vibarua, si mimi. Je, niende peke yangu, niende na mmoja wao, au nimshirikishe kwanza mchungaji? Na je, ni halali kumwomba apumzike kusoma masomo hadi atakapowalipa?