Acheni kuwabandikisha wanafunzi setx! Mnawaharibia PATH kisha mnawatoza pesa za fomati

Wadau, nimekasirika na sitaficha.

Hapa Malindi kuna karatasi inazunguka mikononi mwa vijana wanaojifunza kutengeneza programu. Imetoka kituo kimoja cha mafunzo ya kompyuta, sitakitaja, wanaosoma pale wanakijua. Ndani yake kuna mstari mmoja wa setx, amri ya Windows ya kuhifadhi mipangilio kama PATH, uliokolezwa wino, na kijana anaambiwa afungue dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi aubandike vivyo hivyo:

setx /M PATH "%PATH%;C:\flutter\bin"

Basi. Hakuambiwa aweke nakala kwanza, hakuambiwa aangalie PATH yake ina nini. Bandika, bonyeza Enter, tuendelee na somo.

Sasa nyinyi mnaojiita walimu, nisikilizeni. PATH ni orodha ya folda. Ukiandika jina la programu, kama git au flutter, Windows inazipitia folda hizo kwa mpangilio, na ya kwanza itakayokutwa na programu hiyo ndiyo inayoshinda. Orodha zenyewe ni mbili, moja ya mfumo mzima na moja ya mtumiaji. Dirisha likifunguka zinaunganishwa, ya mfumo mbele, ya mtumiaji nyuma. Kwa hivyo hiyo %PATH% mnayoibandika ni zote mbili zikiwa pamoja, nanyi kwa /M mnazimwaga zote kwenye orodha ya mfumo. Tena zinaingia zikiwa zimeshafunuliwa: palipokuwa na %JAVA_HOME%\bin, jina linalosimamia folda ya Java, panabaki anwani kavu ya Java ya siku ile. Kijana akija kubadilisha Java, PATH bado inamwelekeza kwa ile ya zamani, na hajui kwa nini.

Na hayo bado ni madogo. setx inakata kila kinachozidi herufi 1024. Inakata kweli, na inaandika onyo kwa Kiingereza ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza halisomi kwa sababu chini yake imeandikwa SUCCESS. Kompyuta yenye programu nyingi kama Java, Git, Node na za hifadhidata inaweza kuzipita herufi hizo. Kinachokatwa ni cha mkiani. Na mkiani kuna nini? Kuna ile C:\flutter\bin mliyomwambia aiongeze! Yaani kilichompeleka pale hakikuingia, na ikiwa orodha ya mfumo peke yake inazipita herufi hizo, hata vilivyokuwa vikifanya kazi vinaondoka. Anaandika flutter, anaambiwa haitambuliki. Na git iliyokuwa ikiitika asubuhi, kama ilikuwa kwenye sehemu iliyokatwa, nayo haitambuliki.

Wengine wanaibandika kwenye PowerShell, ambayo hizo alama za asilimia haizifungui kabisa. Wengine wakichoka wanaiondoa %PATH% na kuacha folda moja tu. Hapo ndipo System32, folda ya amri za msingi za Windows, inatoka kwenye orodha, na hata ping na ipconfig hazipatikani.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Binti mmoja wa Maweni, mamake alimnunulia kompyuta ya mezani ya mtumba kwa pesa za kibarua. Alifuata karatasi, mambo yakaharibika, akarudi palepale kituoni. Jibu alilopewa ni kwamba Windows imekufa, alete shilingi 1,500 ipigwe fomati. Ikapigwa. Kazi yake yote ya muhula ikaenda. Windows haikuwa imekufa! Ilikosa mistari michache ya maandishi kwenye orodha. Kumtoza mtoto wa watu kwa uharibifu mliomfundisha wenyewe ni dhulma, na sina neno laini la kuliweka hapo.

Kwa aliyepatwa, usikubali fomati. Ikiwa kuna dirisha la amri ulilolifungua kabla ya kuharibu na hujalifunga, usilifunge: bado limeshika PATH ya zamani. Andika echo %PATH% ndani yake, nakili yote uyahifadhi kwenye Notepad. Kama huna dirisha hilo, rudisha kwa mkono zile za msingi kwenye orodha ya mfumo: C:\Windows\System32, C:\Windows, C:\Windows\System32\Wbem, C:\Windows\System32\WindowsPowerShell\v1.0 na C:\Windows\System32\OpenSSH. Halafu Git na Node, ambazo kwa kawaida hukaa C:\Program Files\Git\cmd na C:\Program Files\nodejs.

Na kuongeza folda mpya hakuhitaji setx hata kidogo. Kwenye menyu ya Start andika environment, fungua Environment Variables, kwenye sehemu ya juu, ile ya mtumiaji, chagua Path, bonyeza Edit, kisha New. Windows 10 na 11 zinakuonyesha kila folda kwenye mstari wake, hakuna cha kukatwa. Bonyeza OK mpaka mwisho, fungua dirisha jipya kwa sababu la zamani halitaona badiliko, na kama unatumia VS Code ifunge yote uifungue upya. Hakikisha kwa where flutter. Kwenye PowerShell andika where.exe, maana where peke yake kule ni amri nyingine. Kazi ya dakika chache, haihitaji bando wala fundi.

Mwalimu wa kituo kile, najua unasoma hapa. Ondoa mstari huo kwenye karatasi kabla ya darasa linalofuata, na yule binti mrudishieni pesa zake. Na wewe mwanafunzi uliye na nakala, ipige picha, ziba jina la kituo, uiweke hapa chini tuisahihishe mstari kwa mstari.